Mizani Haisemi Kweli Yote: Misuli na Mafuta Katika Mwili wa Mzee

Mizani ni chombo chema, lakini hujibu swali moja tu: mwili huu una uzito gani? Haiwezi kutuambia uzito huo umefanyika kwa vitu gani. Kwa kijana upungufu huu si mkubwa sana. Kwa mtu aliyevuka miaka 60, waweza kuficha jambo linalohusu uwezo wake wa kutembea, kuinuka kitini na kujitegemea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke mmoja alipokuwa na umri wa miaka 30 alikuwa na uzito wa kilo 65. Kati ya hizo, kilo 22 zilikuwa misuli na kilo 20 zilikuwa mafuta; zilizosalia zilikuwa mifupa, damu, ngozi na viungo vya ndani. Afikapo umri wa miaka 70 apanda tena juu ya mizani, nayo yaonyesha kilo 65 zilezile. Jamaa zake wamsifu kwamba hajabadilika. Lakini ndani ya mwili wake huenda misuli imebaki kilo 16, na mafuta yamefikia kilo 27. Zamani kila kilo moja ya mwili wake ilibebwa na gramu 340 hivi za misuli. Sasa yabebwa na gramu 250 tu. Mzigo ni uleule, wachukuzi wamepungua.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mabadiliko hayo yanavyotokea, kwa nini kupungua kwa misuli na kuongezeka kwa mafuta hufuatana, na nini kinachoweza kufanywa.

Msuli na kazi zake

Katika mwili wa mwanadamu mna misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa, na katika kijana wa kiume mwenye afya misuli hiyo huwa takriban asilimia 40 ya uzito wake wote. Kila msuli umefanyika kwa nyuzi nyembamba ambazo kila mojawapo ni seli moja ndefu. Nyuzi hizo hazijikunji zenyewe, bali huamriwa na neva zitokazo katika uti wa mgongo. Neva moja huamuru kundi la nyuzi, na kundi hilo hujikunja kwa pamoja.

Nyuzi ziko za aina mbili kuu. Za kwanza hujikunja polepole lakini hazichoki upesi. Ndizo zitusaidiazo kusimama na kutembea mwendo mrefu. Za pili hujikunja kwa kasi na kwa nguvu, ila huchoka mapema. Hizi ndizo tuzitumiazo tunapoinuka ghafla, tunapopanda ngazi, au tunapojikwaa na kulazimika kurusha mguu mbele ili tusianguke.

Lakini kujongea siyo kazi pekee ya misuli. Misuli pia ni ghala. Baada ya mtu kula wali au ugali, sukari iitwayo glukosi huingia katika damu, na homoni ya insulini huzifungulia seli njia ya kuipokea. Sehemu kubwa ya glukosi hiyo hupokelewa na misuli. Aidha, misuli ni akiba ya protini: mtu akiugua sana au akijeruhiwa, mwili huvunja misuli ili upate asidi amino za kujengea kinga na kuponya vidonda. Kwa hiyo mtu mwenye misuli haba huingia katika ugonjwa akiwa na akiba ndogo.

Jinsi misuli ipunguavyo

Kwamba wazee hupungukiwa nguvu ni jambo lililojulikana tangu kale. Hata hivyo halikuwa na jina la kitaalamu hadi mwaka 1988, wakati daktari Irwin Rosenberg, katika mkutano uliofanyika Albuquerque, Marekani, alipopendekeza liitwe sarkopenia. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, la kwanza likiwa na maana ya mnofu, na la pili likiwa na maana ya ufukara au upungufu. Sarkopenia, basi, ni ufukara wa mnofu. Jina lilisaidia, kwa kuwa jambo lisilo na jina ni vigumu kulipima na kulifundisha. Mwaka 2016 Marekani iliiingiza sarkopenia katika orodha ya magonjwa ambayo madaktari wake huitumia.

Katika mwaka huohuo wa 1988 Jan Lexell na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa msuli wa paja uliotolewa katika maiti 43 za wanaume wa umri wa miaka 15 hadi 83, ambao walikuwa wazima kabla ya kufa. Walikata msuli mzima na kuhesabu nyuzi zake. Waligundua kwamba kati ya umri wa miaka 20 na 80 ukubwa wa msuli hupungua kwa asilimia 40 hivi. Sababu kubwa ni kwamba nyuzi zenyewe hupungua idadi; sababu ndogo zaidi ni kwamba zile zinazobaki, hasa za kasi, huwa nyembamba.

Kwa nini nyuzi zipotee? Jibu mojawapo limo katika neva. Kadiri umri unavyozidi, baadhi ya neva zinazoamuru misuli hufa. Nyuzi zilizoachwa yatima huenda zikachukuliwa na neva jirani, au hukosa wa kuziamuru, zikanyauka na kutoweka. Ndiyo maana mzee hupoteza wepesi kabla ya kupoteza uwezo wa kutembea. Aweza kwenda sokoni na kurudi, lakini akijikwaa mguu hauwahi kumkinga.

Jambo lingine lifaalo kukumbukwa ni kwamba nguvu hupungua upesi kuliko ukubwa wa msuli. Katika uchunguzi wa wazee 1,880 wa Marekani, wenye umri wa miaka ya sabini, waliofuatiliwa kwa miaka 3 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2006, misuli ya miguu ilipungua kwa asilimia 1 hivi kila mwaka, lakini nguvu za miguu zilipungua kwa takriban mara tatu ya kiasi hicho. Hivyo hata kipimo cha ukubwa wa msuli hakitoshi. Hapana budi kupima nguvu yenyewe.

Jinsi mafuta yanavyochukua nafasi

Hapa yafaa tufanye hesabu ndogo. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takriban kilokalori 13 kwa siku. Kilo moja ya mafuta hutumia 4.5 hivi. Yule mwanamke wa mfano wetu amepoteza kilo 6 za misuli, akaongeza kilo 7 za mafuta. Matumizi ya misuli yamepungua kwa kilokalori 78, na ya mafuta yameongezeka kwa 31 au 32. Tofauti ni kilokalori 46 hivi kwa siku, sawa na vijiko vidogo vitatu vya sukari. Ni kiasi kidogo, lakini huja kila siku. Tena si hicho tu. Mtu aliyepungukiwa nguvu hutembea kidogo, huketi zaidi na huacha kazi nzito, na upungufu huu wa mwendo huokoa nishati nyingi kuliko hiyo tuliyoihesabu. Akiendelea kula kama alivyozoea, ziada hugeuka mafuta.

Mafuta hayo nayo hayakai kimya. Zamani ilidhaniwa kwamba mafuta ya mwilini ni akiba tu, kama nafaka ghalani. Sasa yajulikana kwamba seli za mafuta, hasa ya tumboni, hutoa kemikali zinazosambaa katika damu na kuuweka mwili katika hali ya mapambano madogo yasiyokwisha, kana kwamba una kidonda kisichopona. Kemikali hizo huhimiza kuvunjwa kwa protini ya misuli na huifanya insulini isitii vizuri. Zaidi ya hayo, mafuta hupenya hata ndani ya misuli na kukaa kati ya nyuzi, kama vile mafuta yaonekanavyo katika nyama ya ng'ombe aliyenona. Paja laweza kuonekana nene na hali limejaa mafuta.

Hivyo hujengeka duara baya: misuli ikipungua, mwendo hupungua, mwendo ukipungua, mafuta huongezeka, mafuta yakiongezeka, misuli huzidi kudhoofika na mzigo wa kubeba huzidi kuwa mzito. Wataalamu huitambua hali hii kuwa ni unene wenye upungufu wa misuli. Ni hali ya hila, kwani mgonjwa haonekani kuwa mgonjwa. Katika jamii zetu nyingi mzee aliyenenepa huhesabiwa kuwa ametunzwa vema na wanawe. Akikonda, watu huuliza kulikoni. Akinenepa, hakuna aulizaye.

Nguvu hupimwaje?

Kipimo cha unene kinachotumiwa sana hutokana na hesabu ya Adolphe Quetelet, mtaalamu wa Ubelgiji wa karne ya 19: uzito kwa kilo hugawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Jibu likifika 30 au zaidi, mtu huhesabiwa kuwa ana unene wa kupindukia. Kipimo hiki chafaa kulinganisha umati wa watu, lakini kwa mzee mmoja mmoja kina kasoro mbili. Kwanza, hakitofautishi misuli na mafuta. Pili, wazee hupungua kimo kwa sababu ya kushikana kwa pingili za mgongo, na hivyo hesabu hubadilika hata kama uzito haukubadilika.

Kwa hiyo kundi la wataalamu wa Ulaya, katika mapendekezo yao ya mwaka 2019, walitanguliza nguvu. Kipimo cha kwanza ni kubana kwa mkono chombo kiitwacho dainamomita: mwanamume asiyefikisha kilo 27, au mwanamke asiyefikisha kilo 16, hushukiwa kuwa na sarkopenia. Kipimo cha pili hakihitaji chombo ila kiti na saa. Mtu hukunja mikono kifuani, huinuka na kuketi mara tano bila kujishikiza. Akitumia zaidi ya sekunde 15, hiyo ni dalili ya kutazamwa.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kuona mara moja kwa nini kipimo hiki cha kiti kina maana kubwa. Tukadirie kwamba mtu wa kilo 65 huinua mwili wake mita 0.4 kila ainukapo. Kani ya uzito wake ni niutoni 650 hivi, na kazi ya kuinuka mara moja ni juli 260. Mara tano ni juli 1,300. Akimaliza kwa sekunde 10 amefanya kazi kwa kasi ya wati 130. Akimaliza kwa sekunde 20 ni wati 65 tu. Sasa tumwongezee kilo 10 za mafuta. Kazi yapanda hadi juli 1,500, na misuli haikuongezewa chochote. Kwa kijana mwenye nguvu za ziada hilo si neno. Kwa mzee ambaye kila kuinuka kwake hutumia karibu nguvu zake zote, kilo 10 hizo zaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kwenda msalani peke yake na kumngojea mtu wa kumwinua.

Je, mzee mnene apunguze uzito?

Mtu aweza kusema: ikiwa mafuta ndiyo mzigo, basi mzee na apunguze chakula. Jibu hili lina sehemu ya kweli na sehemu ya hatari. Mwaka 2011 Dennis Villareal na wenzake wa St. Louis, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la mwaka mmoja lililowahusu watu 107 wanene wenye umri wa miaka 65 au zaidi. Kundi moja halikubadilisha desturi zake. La pili lilipunguza chakula tu. La tatu lilifanya mazoezi tu. La nne lilifanya yote mawili. Waliopunguza chakula tu walipoteza asilimia 10 ya uzito wao, lakini pia walipoteza asilimia 5 ya sehemu ya mwili isiyo mafuta, na mifupa ya nyonga zao ikapungua uzito. Waliounganisha chakula na mazoezi walipungua uzito karibu kiasi hichohicho, yaani asilimia 9, lakini walipoteza asilimia 3 tu ya sehemu isiyo mafuta. Tena alama zao katika majaribio ya kutembea, kuinua na kupanda ngazi zilipanda kwa asilimia 21, kuliko kundi lingine lolote.

Mwaka 2017 daktari huyo na wenzake walitangaza jaribio jingine la watu 160, wakilinganisha aina za mazoezi. Makundi matatu yote yalipoteza asilimia 9 ya uzito. Waliofanya mazoezi ya kuongeza pumzi tu, kama vile kutembea, walipoteza asilimia 5 ya sehemu isiyo mafuta. Walioinua mizigo walipoteza asilimia 2 tu. Waliofanya mazoezi ya namna zote mbili ndio waliopata maendeleo makubwa kuliko wote katika uwezo wa kujimudu.

Fundisho ni wazi. Njaa peke yake haichagui. Huchukua mafuta na misuli pamoja. Mzee aliyepunguza kilo 10 kwa kujinyima chakula ataifurahia mizani, ilhali amezidisha ufukara wa mnofu wake. Msuli hutunzwa kwa kupewa kazi.

Msuli hauzeeki usikie

Husemwa kwamba uzee hauna dawa, na kwa muda mrefu hata madaktari waliogopa kuwapa wazee kazi nzito. Hofu hiyo ilitikiswa mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake walipotangaza jaribio walilofanya katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Boston. Walichukua wazee 10 dhaifu wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawafanyisha mazoezi ya kunyoosha goti dhidi ya mzigo mzito kwa majuma 8, mara 3 kwa juma. Waliomaliza mazoezi waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya paja ikakua kwa asilimia 9.

Jaribio la pili, lililotangazwa mwaka 1994, lilihusisha wazee 100 wenye umri wa wastani wa miaka 87. Baada ya majuma 10 waliofanya mazoezi waliongeza nguvu kwa asilimia 113 na kutembea kwa kasi zaidi. Waliopewa kinywaji chenye lishe bila mazoezi hawakuongeza nguvu. Yaonyesha kwamba chakula ni tofali, lakini mazoezi ndiye fundi. Tofali hazijipangi zenyewe.

Lakini fundi naye hajengi bila tofali. Kiasi cha kawaida kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Misuli ya mzee huitikia protini kwa uzito zaidi kuliko ya kijana, na kwa sababu hiyo kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, mwaka 2013, lilipendekeza wazee wapate gramu 1.0 hadi 1.2. Kwa mzee wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Bilauri ya maziwa ina gramu 8 hivi, yai moja 6, gramu 100 za maharage yaliyopikwa 9 hivi, na gramu 100 za samaki 20 hivi. Mzee ambaye asubuhi hunywa chai na andazi, mchana hula ugali kwa mchicha, na usiku hula uji, aweza kushiba kila siku na bado asifikie nusu ya kiasi hicho. Wenye ugonjwa wa figo hawana budi kumwuliza daktari kwanza, kwa kuwa kwao protini nyingi yaweza kudhuru.

Heshima isiyodhuru

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri wazee wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa juma, na mazoezi ya usawa wa mwili siku 3 au zaidi, pamoja na kutembea au kazi nyingine kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Hayo hayahitaji mashine. Kuinuka kitini mara kumi bila kujishikiza, kupanda kidato kimoja na kushuka, kuinua kidumu cha maji cha lita 2 au 3, au kulima bustani ndogo, yote ni mzigo kwa msuli. Kanuni ni mbili: mzigo uwe mzito kiasi cha kumfanya mtu aone kazi, na uongezwe kidogo kidogo. Mwenye ugonjwa wa moyo au maumivu ya viungo apate kwanza shauri la mganga.

Hapa twakutana na jambo la malezi. Sisi tumefunzwa kumpokea mzee mzigo, kumletea maji alipo, na kumwambia, "Bibi, keti, tutafanya sisi." Adabu hiyo ni njema, wala hakuna anayeshauri iachwe. Lakini yafaa ijulikane kwamba msuli usiotumiwa hupotea, na wa mzee hupotea upesi. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2007, wazee wazima wenye umri wa wastani wa miaka 67 walilala kitandani kwa siku 10 tu. Wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Ikiwa hayo humpata mzima, aliyelazwa kwa ugonjwa hupata nini? Kwa hiyo mzee anayetaka kuchambua mboga akiwa amesimama, kufagia uani, au kwenda mwenyewe kumjulia hali jirani, asizuiwe kwa jina la heshima. Tumfuate, tumpe mkono penye mteremko, lakini tumwache atembee.

Mwalimu wa biolojia au fizikia aweza kulifanya somo hili kuwa zoezi la darasani. Wanafunzi wapimane kwanza wao kwa wao kipimo cha kiti, wakokotoe juli na wati, kisha wachore grafu. Halafu kila mmoja, kwa ridhaa ya babu au nyanya yake, na kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani na mtu mzima akiwa amesimama karibu, ahesabu sekunde za kuinuka mara tano. Asiyeweza kuinuka bila kujishikiza asilazimishwe. Hilo lenyewe ni jibu, na la kupelekwa kwa mganga.

Wanafunzi watambue pia kwamba hesabu hii yawahusu wao wenyewe. Misuli hufikia upeo wake katika ujana, na anayeanza kuteremka kutoka kilele kirefu huchelewa kufika bondeni. Kijana anayekimbia, anayelima na anayekula vizuri leo anajiwekea akiba ambayo atakuja kuihitaji miaka 50 baadaye, siku atakapotaka kuinuka kitini bila kumwita mtu.